Alama za Koleo, na Saa Tusiyoihesabu

Mwezi Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo ya Global Goalkeeper na Taasisi ya Gates kwa kutambua kupungua kwa vifo vitokanavyo na uzazi nchini. Tangu hapo takwimu moja imekuwa ikirudiwa kwenye hotuba, redioni na hata katika vijiwe vya kahawa hapa Dodoma: vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, vifo 104 katika utafiti wa 2022. Ni mafanikio makubwa na sina nia ya kuyabeza. Lakini utafiti huohuo una takwimu ya pili ambayo haijapata hotuba. Watoto wachanga wanaofariki ndani ya siku 28 za kwanza walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, na katika utafiti wa 2022 walikuwa 24. Mama tumemvusha; mtoto wake amebaki karibu palepale alipokuwa.

Jibu ninalolisikia kila mara takwimu hiyo ya pili inapotajwa ni kwamba tuongeze vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya, na kwamba njia za zamani za kumsaidia mtoto atoke ukeni, koleo, yaani chombo cha chuma cha kumvuta mtoto kwa kichwa, likiwa la kwanza kulaumiwa, ziachwe zife zenyewe kwa sababu huumiza watoto. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo naikubali. Sehemu ya pili nadhani imejengwa juu ya kulinganisha vitu visivyolingana. Mtoto aliyezaliwa kwa koleo hulinganishwa na mtoto aliyezaliwa kwa amani, bila kukwama, bila mapigo ya moyo kushuka, ilhali mtoto huyo wa koleo hakuwa na nafasi hiyo hata kidogo. Swali la haki ni je, katika saa ileile, kwa mama yuleyule aliyekwishachoka kusukuma, njia nyingine zilizokuwepo zingemfanya nini mtoto? Tukiuliza hivyo, koleo halitoki likiwa safi, lakini mshitakiwa mkuu anakuwa mwingine, nao ni muda.

Mwaka jana, mtaani kwetu, alizaliwa mtoto wa kiume mwenye alama mbili nyekundu zilizoshuka kutoka mbele ya sikio hadi shavuni, moja kila upande, zimepinda kama nyuzi za mabano. Bibi yake alikuwa akimvutia kanga usoni kila mgeni alipoingia. Kufikia siku ya saba ilibidi mtu amgeuze mtoto kwenye mwanga wa dirisha ndipo aone palipokuwa na alama. Siku zote hizo mazungumzo yalikuwa ya alama. Hakuna aliyeuliza, nami nikiwamo, mtoto alikuwa amekwama kwa saa ngapi kabla daktari hajaamua kumvuta.

Chombo chenyewe kina historia ndefu na yenye kuchukiza kidogo. Kilibuniwa na familia ya Chamberlen, wakimbizi wa kidini kutoka Ufaransa waliohamia Uingereza mwaka 1569, nao wakakifanya siri ya ukoo kwa zaidi ya miaka 100, wakikiingiza chumbani ndani ya sanduku ili mtu asikione. Ni wanawake na watoto wangapi walikufa siri hiyo ikilindwa kwa ajili ya ada, tuyaache hayo. Kilichobaki hadi leo ni muundo ule ule: mbavu mbili za chuma zilizo wazi katikati, kila mmoja ukiwa na mkunjo wa kukumbatia kichwa na mkunjo mwingine, ulioongezwa baadaye katika karne ya 18, wa kufuata njia ya nyonga, zinazokutana kwenye kifungo karibu na mishikio. Ubavu wa kushoto hutangulia, wa kulia hufuata, na kila mmoja hupitishwa taratibu huku vidole vya mkono mwingine vikilinda ukuta wa uke. Hapo ndipo ulipo mtihani wa kwanza wa mtaalamu: mbavu zilizokaa sawasawa juu ya mashavu ya mtoto hufungana zenyewe bila kulazimishwa. Zisipofungana, maana yake kichwa hakikai inavyodhaniwa, na mtaalamu mwenye adabu ya kazi huzitoa. Asiye nayo hubana. Majeraha mengi yanayosimuliwa juu ya koleo yamezaliwa katika sekunde hizo za kubana.

Majeraha hayo yapo, na mtetezi wa koleo anayeyaficha hamsaidii mtu. La kawaida kuliko yote ni michubuko na alama za ngozi, ambazo hupotea ndani ya siku chache. La pili kwa kutisha wazazi ni kupooza kwa upande mmoja wa uso: mtoto akilia, mdomo huvutwa upande mmoja na jicho la upande wa pili halifumbi. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita chini ya sikio, mahali ambapo kwa mtoto mchanga mfupa wa kuukinga bado haujakomaa, hivyo ubavu wa koleo unaweza kuukandamiza. Walio wengi hupona ndani ya wiki chache, jicho likitunzwa lisikauke. Inafaa kusema pia kwamba mshipa huohuo huweza kukandamizwa na mfupa wa nyonga ya mama mwenyewe, ndiyo maana wapo watoto wanaozaliwa na hali hiyo bila kuguswa na chombo chochote. Kuvunjika kwa fuvu na kuumia kwa jicho hutokea kwa nadra. Linalohofiwa zaidi ni damu kuvuja ndani ya fuvu, nalo linastahili aya yake.

Mwaka 1999 jarida la tiba la New England lilichapisha uchambuzi wa watoto 583,340 wa California, wote wakiwa wa uzazi wa kwanza wa mama zao na wenye uzito wa kawaida. Damu kuvuja ndani ya fuvu ilionekana kwa mtoto 1 kati ya 664 waliozaliwa kwa koleo, 1 kati ya 860 waliovutwa kwa vakyumu, yaani kikombe kinachonyonya na kushika kichwa cha mtoto, na 1 kati ya 1,900 waliozaliwa bila msaada wa chombo. Mtu akiishia hapo, hukumu imeshatoka. Lakini watafiti waliwagawa watoto wa upasuaji katika makundi mawili. Waliofanyiwa upasuaji kabla uchungu haujaanza, ilikuwa 1 kati ya 2,750. Waliofanyiwa upasuaji uchungu ukiwa umeshaendelea, ilikuwa 1 kati ya 907, namba inayokaa jirani kabisa na ile ya vakyumu na si mbali na ya koleo. Yaani kisu chenyewe, kinachodhaniwa kuwa njia salama isiyogusa kichwa cha mtoto, kilipofika baada ya uchungu kukwama kilikuta hatari ileile. Hitimisho la watafiti lilikuwa kwamba uchungu usio wa kawaida ndio chanzo kinachoyaunganisha makundi hayo matatu. Sijaona takwimu inayoeleza jambo hili vizuri kuliko hiyo, na nashangaa kwamba hutajwa mara chache sana katika mijadala yetu.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo yenye nguvu mitaani, ni ile inayosema kwamba koleo huleta mtindio wa ubongo na kuwafanya watoto kuwa wazito darasani. Mantiki yake ni rahisi: mtoto alivutwa kichwani, mtoto ana tatizo la ubongo, basi kilichovuta kichwa ndicho kilichoharibu ubongo. Kwa mantiki hiyo tungelaumu gari la wagonjwa kwa vifo vya waliobebwa humo. Mtoto anayekosa hewa tumboni hulazimika kutolewa haraka. Chombo huitwa kwa sababu ya tatizo, kisha hubebeshwa tatizo. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Jerusalem uliowafuatilia waliozaliwa kwa vakyumu na kwa koleo hadi walipofika miaka 17, wakati wa kupimwa kabla ya kuingia jeshini, na akili zao hazikuonekana kuwa chini ya wenzao. Mtoto ambaye alikwama muda mrefu, hakulia, akacheleweshewa hewa, akaanza degedege siku ya pili, ana maelezo ya kutosha ya mtindio wa ubongo bila kutafuta koleo. Najua maelezo haya hayampozi mzazi anayembeba mtoto wa miaka sita mgongoni. Mzazi huyo ana haki ya kuelezwa kilichotokea, na mara nyingi hakuelezwa chochote, ndiyo maana alama zile za shavuni zikageuka kuwa maelezo pekee aliyokuwa nayo.

Ipo hoja nyingine ambayo siwezi kuipuuza namna hiyo. Wanaoitoa ni wataalamu, na wanasema: sawa, koleo mikononi mwa aliyebobea ni salama, lakini waliobobea wako wapi? Chombo kinachohitaji mkono mzoefu, kikiwekwa mahali pasipo na mkono huo, ni silaha. Wana ushahidi pia. Watafiti wa Kanada walionesha mwaka 2017, kwa kutumia kumbukumbu za British Columbia, kwamba pale uchungu ulipokwama na kichwa cha mtoto kikiwa bado katikati ya nyonga, kuvuta kwa koleo kuliambatana na madhara makubwa zaidi kwa mtoto kuliko upasuaji. Hiyo ni nchi yenye mabingwa na vifaa. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, nayo yanasema koleo hushindwa mara chache kuliko vakyumu, lakini huchana njia ya mama zaidi na huacha majeraha mengi zaidi usoni pa mtoto. Kwa hiyo ninapotetea kubaki kwa koleo sitetei kumvuta mtoto aliye juu. Masharti yanajulikana duniani kote: njia iwe imefunguka kabisa, chupa iwe imepasuka, kibofu kiwe kitupu, kichwa kiwe kimeshuka kiasi kwamba mkono juu ya kinena haukipati au unapata sehemu ndogo sana, na anayevuta ajue uso wa mtoto umeelekea wapi. Avute mama anaposukuma. Kila mvuto uonekane umesogeza kitu. Ikifika mvuto wa tatu na mtoto hakaribii kutoka, aache. Na asihame kutoka chombo kimoja hadi kingine kwa kutapatapa, maana watoto waliovutwa kwa vyombo viwili mfululizo ndio wanaoumia zaidi.

Kuhusu vakyumu, ambayo katika hospitali zetu nyingi ndiyo iliyochukua nafasi ya koleo tangu Msweden Tage Malmström alipoitengeneza upya katika miaka ya 1950, kuna dhana kwamba ni ndugu mpole. Kwa mama ni kweli. Kwa mtoto si kweli moja kwa moja. Kikombe chake huacha uvimbe utosini unaonywea ndani ya siku moja au mbili, na mara kwa mara huacha damu kati ya mfupa na utando wake, uvimbe ambao huchukua wiki kadhaa kuisha na unaoweza kumletea mtoto manjano. Hatari yake kubwa ni damu inayovuja chini ya ngozi ya kichwa, mahali ambapo hakuna ukuta wa kuizuia isienee kutoka kwenye paji hadi shingoni. Mtoto wa kilo tatu ana damu ya mililita 250 hivi mwilini mwake mwote, ujazo wa kikombe cha chai. Nusu ya kikombe hicho inaweza kupotea chini ya ngozi ya kichwa bila tone kuonekana nje. Dalili zake ni kichwa kinachotepeta na kuongezeka, masikio yanayosukumwa mbele, weupe wa midomo na moyo kwenda mbio, nazo huonekana katika saa za mwanzo ikiwa kuna mtu anayekigusa kichwa hicho. Tena vakyumu haifai kwa mtoto aliye chini ya wiki 34 wala kwa aliyetanguliza uso, na haiwezi kuokoa kichwa kilichobaki ndani baada ya mtoto kutanguliza matako. Katika hali hizo, chombo kinachobaki ni koleo. Tukilitupa lote kabisa tunakuwa tumewatupa na watoto hao.

Sasa turudi kwenye upasuaji, maana hapo ndipo sera yetu inapoelekea. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji ni neema, na sipendi kusikia mtu wa mjini akiwaambia watu wa Chemba au Bahi kwamba hawakihitaji. Lakini upasuaji unaofanywa njia ikiwa imefunguka kabisa na kichwa kimejikita ndani ya nyonga si upasuaji ule wa kupangiwa tarehe. Kichwa hulazimika kusukumwa juu kutoka ukeni, au mtoto kuvutwa kwa miguu; mji wa mimba huweza kuchanika zaidi ya ulivyokatwa, damu hutoka nyingi, na fuvu la mtoto huweza kuvunjika mikononi mwa daktari ambaye hakushika chuma chochote zaidi ya kisu. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, wanawake waliofikia hatua hiyo na kuvutiwa watoto kwa vakyumu walilinganishwa na waliopelekwa upasuaji, na waliopata madhara makubwa ya kutishia maisha walikuwa wachache zaidi upande wa vakyumu. Halafu kuna mimba inayofuata. Wastani wa watoto kwa mwanamke wa Tanzania katika utafiti wa 2022 ulikuwa 4.8. Mwanamke aliyepasuliwa kwa mtoto wa kwanza atabeba kovu hilo kwenye mimba nyingine tatu au zaidi, na anayeishi ng'ambo ya korongo anaweza kuanza uchungu mwezi Januari, korongo likiwa limejaa. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, humtafutia gari bila malipo, na imesaidia wengi, lakini gari halivuki maji.

Zaidi ya hayo, tukubali kwamba pale ambapo chombo hakipo, si kwamba mama huachwa kwa amani akisubiri upasuaji. Huambiwa asukume zaidi. Hukandamizwa tumboni kwa mikono, wakati mwingine kwa kiwiko, jambo ambalo halina masharti wala rekodi, na linaloweza kupasua mji wa mimba. Au husubiri: timu iitwe, dawa ya usingizi ipatikane, jenereta iwashwe, mgonjwa aliyetangulia atoke mezani. Shirika la Afya Duniani linasema hatua ya kusukuma kwa kawaida humalizika ndani ya saa 3 kwa mama wa uzazi wa kwanza na saa 2 kwa aliyekwishazaa. Mtoto ambaye mapigo yake yameanza kushuka hana hata saa hizo. Kumvuta mtoto aliyeshuka vizuri ni kazi ya dakika chache, na ndiyo maana shirika hilohilo linaihesabu huduma ya kumzalisha mama kwa msaada wa chombo, iwe vakyumu au koleo, miongoni mwa huduma 7 za msingi za dharura ya uzazi ambazo kituo kinapaswa kuzitoa hata kama hakina chumba cha upasuaji. Katika nchi nyingi za kipato cha chini hiyo ndiyo huduma inayokosekana mara nyingi kuliko nyingine zote sita, na sababu zinazotajwa huwa mbili, ukosefu wa vifaa na ukosefu wa waliofunzwa. Uingereza, yenye vyumba vya upasuaji kila kona, bado huzalisha kwa vyombo hivyo mama 10 hadi 15 kati ya kila 100.

Kwamba dakika ndizo zinazoamua, Tanzania yenyewe imethibitisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali 8 nchini yalionesha kwamba kuwafundisha wakunga kumkausha mtoto, kumsugua na kumpulizia hewa ndani ya dakika ya kwanza kulipunguza vifo vya saa 24 za mwanzo kwa asilimia 47. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya mpango wa Safer Births katika vituo 30 vya huduma vya mikoa mitano, ikiwamo Manyara na Tabora tunayopakana nayo huku kanda ya kati: vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40, kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mwanasesere na kwa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa uangalifu zaidi. Hakuna kilichojengwa kwa zege hapo. Ninachoona ni kwamba mafunzo haya yameshika pande mbili za tatizo, kumsikiliza mtoto kabla na kumpulizia baada, huku pengo la katikati, yaani namna ya kumtoa mtoto ambaye tumeshasikia kwamba amechoka, likiachiwa upasuaji peke yake. Mwanasesere yuleyule na nyonga ya plastiki vingeweza kutumika kufundishia vakyumu vituoni, na koleo katika hospitali za rufaa ambako bado kuna mabingwa wa kulishika mkono kizazi kipya. Hapa Dodoma tuna chuo kikuu kinachofundisha madaktari na wauguzi, tuna hospitali ya rufaa ya mkoa na ya Benjamin Mkapa. Daktari asiyewahi kulifunga koleo akiwa mwanafunzi hatalifunga kwa mara ya kwanza saa tisa usiku akiwa peke yake Kibakwe, na hapaswi kujaribu.

Mafunzo yakija bila uangalizi wa mtoto baada ya kuzaliwa, wanaoogopa koleo watakuwa na haki ya kuogopa. Kila mtoto aliyevutwa anapaswa kukaguliwa uso anapolia, kuguswa kichwa kila baada ya muda kwa saa 24 za kwanza, na kutazamwa manjano kabla ya kuruhusiwa, jambo gumu katika wodi ambako akina mama wawili hushiriki kitanda na aliyejifungua asubuhi hutamani kurudi nyumbani jioni. Mama aelezwe kabla ya kuvutwa, hata kwa sentensi mbili kati ya maumivu, na aelezwe tena kesho yake akiwa ametulia, akiwa na mama mkwe au dada yake, alama zile ni za nini na zitaisha lini.

Na katika vikao ambavyo hospitali zetu hufanya kupitia vifo vya watoto wachanga, nadhani fomu iulize nyakati tatu tu kabla ya kuuliza chombo gani kilitumika: saa njia ilipogundulika kuwa imefunguka kabisa, saa uamuzi wa kumtoa mtoto ulipofanywa, na saa mtoto alipotoka. Patografu, karatasi ya kufuatilia mwendo wa uchungu, ikiwa imejazwa, majibu yapo. Ikiwa imejazwa baada ya kifo, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja kutoka juu hadi chini, hilo nalo ni jibu.